Mvinyo Mwekundu Hautaki Haraka

Vuta kiti, shika kalamu, maana leo kuna vipimo vya kuandika.

Leo tunazungumza juu ya mvinyo mwekundu, ule ambao wengine huuita divai na wengine waini. Barua iliyonifanya niandae mazungumzo haya imetoka kwa mkulima mmoja wa zabibu mkoani Dodoma. Ndugu huyu anasema ana nusu eka ya zabibu nyekundu. Msimu uliopita wanunuzi walichelewa. Vishada vikakaa mtini hata vikaanza kunyauka na kuliwa na ndege, mwisho akauza kwa bei ya kutupa. Sasa mdogo wake anayeishi Kanada amekuja likizo na kumletea sanduku la kutengenezea mvinyo nyumbani. Ndani mna mfuko mkubwa wa maji mazito ya zabibu na pakiti ndogo ndogo kadhaa. Karatasi iliyomo inasema kwamba baada ya wiki 6 mvinyo utakuwa tayari.

Ndugu yetu anauliza mambo mawili. La kwanza, pakiti hizi ni za nini? La pili, je, anaweza kufanya vivyo hivyo kwa zabibu zake mwenyewe?

Swali la pili nalijibu mara moja: ndiyo, anaweza, nawe unaweza. Lakini katika karatasi ile kuna neno moja ambalo lisipoeleweka litaharibu kazi yote. Neno lenyewe ni "tayari". Baada ya wiki 6 mvinyo ule uko tayari kutiwa chupani, si tayari kunywewa. Kati ya kutia chupani na kunywa kuna safari ndefu, na wengi wetu huishia njiani.

Sanduku lile lina nini

Masanduku ya namna hii yanauzwa sana Kanada, Marekani na Uingereza, mahali ambapo mtu anaweza kukaa katika nyumba ya ghorofa bila hata mzabibu mmoja na bado akatengeneza mvinyo wake. Kwa kawaida hutoa lita 23, yaani chupa 30 hivi. Maji ya zabibu yamepunguzwa maji yake ya asili, yakachemshwa kidogo kuua vijidudu, kisha yakafungwa. Kazi yako ni kurudisha maji safi mpaka kipimo kifike lita 23.

Pakiti ya kwanza ni hamira ya mvinyo. Hii ndiyo inayokula sukari na kuacha kileo na hewa ya ukaa. Si sawa na hamira ya mkate. Ya mkate nayo itachachusha, lakini huchoka mapema, haitui vizuri chini, na mvinyo hubaki na harufu ya unga ulioumuka.

Pakiti ya pili ni bentonaiti, udongo laini unaonasa uchafu mdogo mdogo na kuushusha chini. Ya tatu ni metabisalfaiti ya potasiamu. Tuiite dawa ya salfa. Hii huzuia vijidudu vibaya na kuukinga mvinyo na hewa. Ya nne ni sobeti ya potasiamu, inayozuia hamira isizaliane tena. Ya tano ni dawa ya kung'arisha, na nyingine za aina hiyo hutokana na maganda ya kamba na kaa. Mwenye kudhurika na vyakula hivyo ajihadhari. Katika masanduku ya mvinyo mwekundu mara nyingi utakuta pia vipande vya mti wa mwaloni vilivyochomwa kidogo. Hivi huleta ladha ile ambayo viwandani hupatikana kwa kuuweka mvinyo ndani ya mapipa ya mwaloni.

Basi hicho ndicho kilichomo. Hakuna uganga. Sasa tuje kwenye zabibu zetu.

Kuvuna na vyombo

Dodoma tuna bahati ambayo nchi nyingi za zabibu hazina. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Hapa, kwa kupogoa vizuri, tunavuna mara mbili, mara moja baada ya mvua, na tena katika kiangazi, mwezi wa Agosti au Septemba. Kwa mvinyo mwekundu tunayo aina yetu ya Makutupora nyekundu, na wengine wamepanda Syrah au Cabernet Sauvignon. Zote zinafaa.

Vuna asubuhi, kabla ya jua kali. Zabibu iwe tamu, ganda limekolea rangi, na ukiipasua mbegu iwe ya kahawia, si ya kijani. Ondoa zilizooza na zenye ukungu. Tena angalia tarehe uliyonyunyizia dawa mara ya mwisho. Kila dawa ina muda wa kungoja ulioandikwa kwenye lebo yake, na muda huo si mapambo. Hata unga wa salfa tunaonyunyizia kuzuia ubwiri unga, ukibaki mwingi kwenye ganda, utafanya mvinyo unuke mayai viza.

Sasa vyombo. Tafadhali nisikilize hapa kwa masikio mawili. Usitumie pipa wala dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu, hata ukiwa umelisuuza mara mia. Plastiki hunywa sumu na kuirudisha polepole. Usitumie ndoo ya bati wala sufuria ya shaba au aluminiamu, kwa sababu asidi ya zabibu hula madini hayo. Tumia kioo, chuma kisichoshika kutu, au plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza hadi harufu ya sabuni iishe, kisha suuza kwa maji yenye dawa kidogo ya salfa. Nusu ya kazi ya mvinyo ni kuosha vyombo.

Siku saba za kwanza

Tuchukue mfano wa kilo 30 za zabibu. Hizi zitakupa mvinyo lita 18 hadi 20. Chukua pipa la lita 50, maana zikianza kuchemka bila moto zitapanda juu.

Toa zabibu kwenye vikonyo, kwani vikonyo vibichi huleta uchungu. Ziponde kwa mikono safi mpaka kila tembe ipasuke, lakini usisage mbegu. Usichuje! Rangi nyekundu haimo katika maji ya zabibu. Imo katika ganda. Ukichuja mapema utapata kitu cha rangi ya waridi.

Tia dawa ya salfa gramu 2 hadi 3, yaani chini kidogo ya nusu kijiko cha chai. Changanya, funika kwa kitambaa, acha hadi kesho yake. Mwenye pumu asiinamie chombo wakati wa kutia dawa hii, maana moshi wake hubana kifua.

Ukiwa na haidromita, yaani kile kipimo cha kioo kinachoelea, pima sukari sasa. Zabibu nzuri itasoma kati ya 1.085 na 1.095, na itakupa kileo cha asilimia 12 hivi. Ikisoma chini sana, unaweza kuongeza sukari: gramu 17 au 18 kwa kila lita ya maji ya zabibu huongeza kileo kwa asilimia 1. Usizidishe. Sukari ya ziada haifanyi mvinyo kuwa bora. Hufanya kichwa kiume tu.

Kesho yake tia hamira. Pakiti ya gramu 5 inatosha. Iloweke kwanza katika maji ya vuguvugu, yale ambayo ukitia kidole unahisi joto bila kuungua. Subiri dakika 15 hadi 20, halafu mimina pipani na uchanganye.

Baada ya siku moja au mbili utasikia mvumo, na maganda yatapanda juu na kufanya kofia nene. Kofia hiyo uizamishe kwa mti safi mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni. Ukiiacha ikauke juu itaota ukungu na kuwaita wale nzi wadogo, nao ndio hubeba vijidudu vya siki. Kila ukiizamisha, rangi inatoka gandani na kuingia kwenye mvinyo.

Fanya kazi hii katika chumba chenye madirisha wazi. Hewa ya ukaa ni nzito, hukaa chini, na katika chumba kilichofungwa inaweza kumzimisha mtu. Usilale humo, wala usimlaze mtoto humo. Tena katika siku hizi usifunge pipa kwa mfuniko wa kubana. Hewa lazima ipate njia, ama sivyo chombo kitapasuka.

Kutenga makapi

Baada ya siku 5 hadi 8 mvumo hupungua na utamu karibu wote umekwisha. Sasa chuja. Kamua maganda kwa kitambaa safi, kwa nguvu ya kadiri tu. Tia mvinyo katika dumu la kioo au la plastiki ya chakula, ujaze mpaka karibu na shingo. Mdomoni weka kizibo chenye mpira mwembamba, na ncha ya pili ya mpira uitumbukize katika chupa yenye maji. Hapo hewa ya ndani inatoka, ya nje haiingii.

Baada ya wiki moja hadi mbili utaona mashapo mazito yametua. Uhamishe mvinyo kwa mpira kwenda dumu jingine safi, ukiyaacha mashapo chini. Ukisikia harufu ya mayai viza, wakati huu uuache udondoke na kurusha povu unapohama. Mara nyingi harufu hiyo huondoka.

Sasa kuna jambo ambalo sanduku la Kanada halina, na zabibu zako zinalo. Katika wiki zinazofuata mvinyo mwekundu hupitia uchachu wa pili. Huu haufanywi na hamira bali na bakteria wazuri, wanaogeuza asidi kali, kama ile ya tofaa bichi, kuwa asidi laini kama ya maziwa ya mgando. Utaona vipovu vidogo vidogo kwa wiki 3 hadi 8. Usitie dawa ya salfa wakati huo, maana utawaua hao bakteria. Na ile pakiti ya sobeti iliyomo sandukuni usiitie kabisa katika mvinyo wa zabibu zako. Bakteria hao wakiila, mvinyo hutoa harufu mbaya ya majani yaliyopondwa, na harufu hiyo haina dawa. Ndugu yetu wa barua, hili liwekee mstari.

Vipovu vikiisha kabisa, hamisha mvinyo tena, tia dawa ya salfa gramu 2 kwa lita 20, jaza dumu hadi shingoni, ufunge.

Kukomaza: kazi ya kutofanya kitu

Onja mvinyo wako siku hiyo. Utakunja uso. Ni mchachu, na unakaza ulimi kama ndizi mbichi. Hapo ndipo wengi husema, "Mvinyo wa nyumbani bwana, hauna maana," wakaugawa au wakautia sukari. Sivyo. Ule ukakasi unatokana na tanini za ganda na mbegu. Kwa muda, tanini hizo hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kushikamana na rangi. Zikishikamana hulainika kinywani, na nyingine hutua chini kama mashapo. Tanini ile ile inayokukera leo ndiyo inayoulinda mvinyo usiharibike kesho. Ndiyo maana mvinyo mweupe huweza kunywewa mapema, lakini mwekundu hutaka subira.

Pombe yetu ya mtama haina subira. Leo imeiva, kesho inanywewa, keshokutwa imeharibika. Tumelelewa hivyo, na mimi nililelewa hivyo. Acheni niwaeleze hasara yangu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipata lita 20. Niliziweka dumuni, nikafunga. Jioni ya pili jirani yangu, mzee mmoja mwenye maneno matamu, akapita kuniamkia. Nikamtolea kikombe. Kesho yake akaja na shemeji yake. Basi ikawa kila jioni kikombe kimoja, viwili. Mwezi ulipokwisha dumu lilikuwa nusu. Sikujua kwamba kila kikombe nilichotoa, hewa iliingia mahali pake. Siku ya Krismasi nikafungua kwa fahari mbele ya wageni. Mzee akaonja, akanyamaza, akaweka kikombe chini. "Mwanangu," akasema, "hii itafaa sana kwa kachumbari." Lita 10 zote zilikuwa siki.

Mwaka uliofuata nilitenga lita 5 za wageni katika vyombo vidogo vilivyojaa, na lita 15 nikazifungia mbali, ufunguo nikampa mke wangu. Baada ya miezi 14 nilimpelekea yule mzee chupa moja. Akanywa taratibu, akauliza nimeinunua duka gani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kukomaza: chombo kijae. Mvinyo ukipungua, hamishia katika vyombo vidogo vinavyojaa. Kanuni ya pili: hamisha kutoka kwenye mashapo kila baada ya miezi 3, na kila safari tia gramu 1 ya dawa ya salfa kwa lita 20. Kanuni ya tatu: baridi na giza.

Hii ya tatu ndiyo inayotushinda siku hizi. Ghala la bati mwezi wa Oktoba ni tanuri, na mvinyo uliopikwa na joto huzeeka kabla ya kukomaa. Mvinyo hupenda kukaa katika nyuzi 13 hadi 18, na zaidi ya yote hupenda joto lisilopanda na kushuka. Wazee wetu wa Ugogo walijenga tembe, nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa la udongo. Ukiingia mchana wa jua kali unaona ubaridi. Kama tembe ya babu bado imesimama, usiibomoe. Huna haja ya stoo bora kuliko hiyo. Kama haipo, chimba shimo lenye kina cha meta 1 au zaidi ndani ya chumba chenye kivuli, weka vyombo humo, funika kwa mbao na magunia.

Ukitaka ladha ya mwaloni, tumia vipande vya mwaloni vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, gramu 2 hadi 3 kwa lita, na uonje kila wiki. Ladha ikitosha, uhamishe. Usichukue mti wowote wa porini ukautia humo. Miti mingine ina sumu, na mingi ina uchungu.

Baada ya miezi 6 hadi 9 tia chupani. Chupa za kizibo cha gome zilaze, ili kizibo kisikauke na kupitisha hewa. Andika tarehe kwenye kila chupa. Kisha fungua moja baada ya miezi 3, nyingine baada ya miezi 6, nyingine baada ya mwaka, na uandike ulichokiona. Daftari hilo litakufundisha kuliko mimi. Lakini usidhani kila mvinyo huzidi kuwa mzuri milele. Mvinyo wa nyumbani ulio mwepesi huwa bora mwaka wa kwanza na wa pili, halafu huanza kuchoka.

Maneno ya mwisho

Haya niliyoeleza ni ya kutumia nyumbani. Kuuza ni jambo jingine. Kunataka leseni ya vileo na alama ya ubora ya TBS, na mteja ana haki ya kujua anakunywa nini. Wanaotaka kufika huko wakaonane na SIDO, na kwa habari za zabibu zenyewe wawaendee wataalamu wa utafiti wa Makutupora. Mvinyo si wa watoto, wala wa mama mjamzito. Wasiotumia kileo, zabibu zao zinaweza kuwa juisi, zabibu kavu, hata siki ile ya kachumbari.

Sasa nimrudie ndugu yetu wa barua. Ndugu, anza na sanduku. Maji yake hayaozi upesi, hayakungoji shambani, na ukikosea hukupoteza jasho la msimu mzima. Fuata karatasi yake hatua kwa hatua, pamoja na pakiti zote. Tena ukoroge vizuri kabla ya dawa ya kung'arisha, ili hewa iliyobaki itoke. Lakini pale ilipoandikwa "tayari", wewe soma "ngoja". Tia chupani, weka mahali pa baridi, subiri walau miezi 6, na mwaka mmoja ni bora zaidi. Kufikia mavuno yajayo mkono wako utakuwa umezoea. Hapo chukua kilo 30 za zabibu zako, si shamba zima, ujaribu.

Zabibu mtini haiwezi kumngoja mnunuzi hata wiki mbili. Ukiwa mvinyo dumuni, inaweza kungoja mwaka. Dumu moja halitabadili bei ya sokoni, lakini litakufundisha kazi ambayo siku moja, wewe na wenzako mkiungana, itawapa nguvu ya kumwambia mnunuzi, "Bei hiyo hapana."